Ukija Likasi, Ulale Wapi?

Alasiri ya siku ya kazi, ukisimama pale Barabara ya Taifa Namba 1 inapouacha mji wa Likasi na kushika njia ya Lubumbashi, utayaona magari ya kampuni yakifuatana kurudi. Ndani wamo wahandisi, wakaguzi wa hesabu, mafundi wa maabara, mawakili, wajumbe wa mashirika. Tangu asubuhi kazi yao ilikuwa Likasi, na vumbi la Likasi limo kwenye viatu vyao. Lakini kitanda chao kiko kilomita 120 mbali, na chakula chao cha jioni kiko hukohuko, na fedha za kulipia vyote viwili zinawafuata.

Mji unaoachwa hivyo si kijiji. Una komini nne, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Una chuo kikuu na kituo cha treni, na katikati yake bado yamesimama majengo ya enzi ya shaba pamoja na hoteli zinazojitangaza kuwa za daraja la juu. Basi mtu mwenye uwezo, akija kukaa siku chache, achague kulala wapi? Na apime kwa kipimo gani?

Wapo watakaosema hilo ni swali la anasa. Mimi naliona ni swali la riziki na la heshima, na ndiyo maana nimeliweka mbele ya sauti tano. Wanaozungumza hapa si watu fulani. Ni kazi na hali ambazo mkazi yeyote wa Katanga atazitambua: mhasibu anayewapangia wengine safari, dereva wa barabara hiyo, mwalimu mstaafu wa historia, mama wa mapokezi, na dada aliyezaliwa Likasi ambaye sasa anaishi Brussels. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

MHASIBU: Naanza mimi, kwa kuwa lawama zote za usafiri huishia mezani kwangu. Kampuni yetu inahudumia migodi. Nina mafundi wanaotakiwa Likasi siku nne, tano kwa mfululizo. Nikisikia neno hoteli, siulizi pazia ni la rangi gani. Nauliza kama umeme upo usiku kucha, kama maji yatatoka saa kumi na moja alfajiri, na kama intaneti itapeleka ripoti Kinshasa kabla ya asubuhi. Lubumbashi nina pa kuchagua. Ipo Karavia kando ya ziwa, na uwanja wake wa gofu; ipo Park Hotel katikati ya mji; moja ikijaa naenda nyingine, nyingine ikinisumbua naiacha. Uwanja wa ndege wa Luano uko palepale. Likasi nikikosea chumba, sina pa kukimbilia. Fundi akikosa kulala, kesho yake anafunga boliti vibaya, na boliti ya kiwanda cha asidi si jambo la kuchezea.

DEREVA: Papa Mhasibu, kwa heshima. Wewe umehesabu chumba, hujahesabu barabara. Kilomita 120 kwenda na 120 kurudi, kila siku, siku nne. Barabara hiyo ndiyo ya malori ya shaba na kobalti yanayotoka Kolwezi kuteremka hadi mpaka wa Kasumbalesa, na ndiyo hiyohiyo ya malori ya salfa na mazuti yanayopanda. Lori likiharibika kwenye kilima, foleni haiulizi nani ana mkutano. Mvua ikianza Novemba mpaka Aprili, giza linaingia nami sioni ukingo wa lami. Huyo fundi wako unayetaka alale vizuri, mimi namwamsha saa kumi na moja ili awe kiwandani saa mbili, na jioni namfikisha saa mbili usiku akiwa ameinamisha kichwa kwenye kioo. Godoro zuri la Lubumbashi analilipia usiku mzima, analilalia nusu.

MHASIBU: Hesabu ya barabara ipo. Mafuta yapo kwenye bajeti, ushuru wa barabara upo.

DEREVA: Uchovu haupo kwenye bajeti.

Hapo dereva ana haki, na haki yake haisikiki kwa sababu hatii sahihi popote. Anayechagua hoteli huwa ofisini. Anayebeba matokeo ya uchaguzi huwa ameshika usukani. Nimewahi kusikia watu wakibishana kwa saa nzima juu ya tofauti ya bei kati ya vyumba viwili, na hakuna aliyetaja kwamba kimojawapo kinaongeza saa nne au tano za barabara kila siku. Mtu anayepanga safari ya Likasi aanze na hilo kabla ya kuuliza kuhusu nyota za hoteli.

MWALIMU: Niongeze jambo ambalo vijana hawafundishwi. Mji huu ulijengwa kwa kusudi kwamba watu walale hapa. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa 1906. Reli ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1910, nayo 1913 ikaendelea hadi Kambove, na hapa katikati, kwenye vilima hivi, ukaota mji. Ukachomwa mtapo Panda, kikajengwa kiwanda cha Shituru. Wakaupa mji jina la Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji, ukawa Jadotville, mpaka 1966 tulipolirudisha jina la Likasi. Palikuwa na hoteli, mikahawa, sinema, maduka ya Wagiriki na Wareno. Mzungu wa kampuni hakuota kwenda kulala Elisabethville halafu arudi asubuhi.

DADA: Na Mwafrika, Mwalimu? Yeye alilala wapi?

MWALIMU: Mwafrika alilala Kikula, au kwenye kambi ya kampuni. Mchana aliingia katikati ya mji kufagia, kupika, kuandika barua za bwana. Jioni alihitaji kibali cha kuonekana huko. Ndiyo ilikuwa sheria ya miji yote ya Kongo ya Wabelgiji. Hata wale walioitwa walioendelea, waliopewa kadi ya sifa njema kuanzia 1948, walijifunza upesi kwamba kadi hiyo haifungui kila mlango. Kwa hiyo tunapotamka hoteli ya kifahari ya katikati ya mji, tunataja nyumba iliyozaliwa ikiwa na mlango wa kuzuia watu. Nairobi ilikuwa hivyohivyo. Hoteli za Stanley na Norfolk zilijengwa kwa ajili ya walowezi.

MHASIBU: Sawa, Mwalimu, lakini hiyo ni historia. Leo anayelipa anaingia.

MAMA MPOKEZI: Papa, anayelipa anaingia. Anayefika kwa miguu anaulizwa.

Maneno ya Mama Mpokezi yaliwanyamazisha, na mimi nataka tukae hapo kidogo. Amefanya kazi mapokezini miaka mingi, katika hoteli zaidi ya moja, na hataji jina la yoyote.

MAMA MPOKEZI: Mkubwa wa kazi anamwambia mlinzi: gari likipiga honi, fungua, mtu akija kwa miguu, msimamishe. Mwanamke wa Likasi akija peke yake, msimamishe mara mbili. Nimeona mwalimu wa kike wa shule ya sekondari akizuiwa getini, amealikwa chakula cha jioni na wageni waliokuja kuona shule yake. Amevaa vizuri, ana barua mkononi. Mlinzi anamuuliza, mama, unamtafuta nani. Wakati huohuo mwanamume mgeni, tangu asubuhi hajasema jina lake, anapita na kusalimiwa.

DEREVA: Mimi nazuiwa na gari langu. Nashusha wageni mlangoni, halafu naambiwa nikaegeshe nje ya ukuta.

MHASIBU: Usalama si jambo la kubuni. Bima yetu inataka geti, mlinzi wa usiku, kizima moto kila ghorofa, na njia ya pili ya kutokea. Mji wa madini una fedha nyingi za mkononi, na panapokuwa na fedha za mkononi pana wezi. Siwezi kuwalaza watu mahali penye mlango wazi kwa sababu ya historia ya 1948.

MWALIMU: Hakuna anayekuomba ung'oe geti. Tunauliza geti linamchuja nani. Mwizi hazuiliki kwa kuangalia kama mtu ana gari.

Namuunga mkono Mwalimu, na bado najua Mhasibu hasemi uongo. Mlinzi na kizima moto ni haki ya mgeni. Ila njia ya kuzijua hoteli hizi mbili, ile inayolinda wageni na ile inayoukwepa mji, ni rahisi: kaa kwenye baraza yake Jumamosi jioni utazame nani ameketi. Kama kuna wenye maduka, wauguzi wa zamu ya mchana, familia inayosherehekea diploma ya mtoto, mapadre wawili na chupa zao za maji, hapo kuna hoteli ya mji. Kama wamo wageni peke yao, na kila mmoja anatazama simu, umelipia ngome.

Afrika Mashariki ina mifano ya hoteli za katikati ya mji zilizojifunza kuwa za mji. Kule Stanley, Nairobi, mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa 1959 chini ya mti wa mgunga, na wasafiri wakawa wanabandika barua kwenye shina lake ili rafiki anayepita baadaye azikute. Baada ya uhuru, aliyekuwa na bei ya kahawa aliketi hapo, akaonana na watu. Dar es Salaam nayo, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika, ilipata Hoteli ya Kilimanjaro mbele ya bandari, mwaka 1965, nayo ikawa mahali ambapo mkutano wa taifa na harusi ya mtu wa mjini vilikutana kwenye ngazi moja. Likasi haijapata hoteli ya namna hiyo yenye jina la kujulikana mbali, nami sioni sababu ya kuukatia mji tamaa.

DADA: Nikisema yangu, msinikatize. Nilizaliwa hapa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai na Union Minière, baba yangu akafanya kazi Shituru, mimi Kiswahili ndiyo lugha niliyoota nayo ndoto. Mwaka 1992, nikiwa mdogo, tukaambiwa hatuko kwetu. Tukaondoka nyumbani na magodoro kichwani, tukaenda kituo cha treni. Tulikuwa wengi mno, tunalala kwenye majukwaa, kwenye mabehewa yaliyosimama, tunasubiri treni ya kwenda Kasai. Watoto walikufa pale. Sasa narudi kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Sina ndugu wa kunipokea. Nyumba yetu ina watu wengine. Kwangu mimi hoteli si anasa. Ni mahali pekee Likasi ambapo naweza kulala bila kumwomba mtu ruhusa.

Wakanyamaza wote, hata Dereva.

MWALIMU: Mwanangu, ulichosema ni kweli, na waliokuwapo wanajua. Siasa za wakati wa Gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI ziliwageuza majirani kuwa wageni. Makumi ya maelfu walikusanyika kituoni na kwenye shule za mji huu. Nilikuwa na wanafunzi. Jumatatu moja nusu ya madawati yalikuwa matupu.

DADA: Ndiyo sababu nataka kujua: kwenye ile karatasi ya mapokezi, nitaandika nini? Wananiuliza nilizaliwa wapi. Nikiandika Likasi, ataniamini?

MAMA MPOKEZI: Andika Likasi. Hiyo karatasi tunatakiwa kuijaza kwa kila mgeni, na watu wa uhamiaji wanapita kuitazama, hasa mwenye pasipoti ya nje. Mimi nasoma pasipoti, sisomi kabila. Lakini sitakudanganya: wapo wanaosoma jina la ukoo na kuinua macho. Mkuu wa mapokezi mwema huwafundisha vijana wake kutoinua macho. Ukitaka kujua hoteli kabla hujalipa, piga simu, taja jina lako lote, usikilize sauti inavyojibu.

DADA: Na chumba? Sitaki kinachotazama kituo.

MAMA MPOKEZI: Sema hivyohivyo kwenye simu. Huna haja ya kueleza sababu.

Katika vigezo vyote vya hoteli nilivyowahi kusoma, sijakiona hiki cha Dada: kwamba chumba kizuri ni kile ambacho mtu anaweza kuandika mahali alipozaliwa bila woga. Mji uliowafukuza watu wake unazidai hoteli zake jambo kubwa kuliko shuka nyeupe. Na kituo kile kiliwalaza wasio na pa kwenda katikati ya mji huohuo ambao miaka thelathini na moja kabla yake ulikuwa na wageni wa namna nyingine kabisa.

MWALIMU: Unawasema Waayalandi. Septemba 1961, wakati Katanga ya Tshombe ilipokuwa imejitenga na Kongo, Umoja wa Mataifa uliwaweka hapa askari wa Ayalandi zaidi ya 150, chini ya Kamanda Pat Quinlan. Walipigana tangu tarehe 13 hadi 17 wakiwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara hii ya Elisabethville. Msaada ulikwama kwenye daraja la Lufira. Hawakufa hata mmoja, lakini maji yaliwaishia, risasi pia, wakajisalimisha. Na mnajua walifungiwa wapi kwanza? Katika hoteli ya hapahapa mjini.

MHASIBU: Wageni wangu wanaijua hiyo kutoka kwenye filamu. Kila timu ina mmoja anayeuliza.

MWALIMU: Basi ajue pia kwamba akilala Lubumbashi, atauona uwanja huo wa vita kwa dakika mbili kupitia dirisha la gari.

Tuje sasa kwenye umeme na maji, maana hapo ndipo Mhasibu ana hoja isiyoweza kupuuzwa. Mgeni wa Likasi anapaswa kuuliza maswali ambayo mgeni wa London hayafikirii. Nimemwachia Mama Mpokezi ayaeleze kwa namna ya watu wa kazi hiyo.

MAMA MPOKEZI: Usiulize tu kama kuna grupu, yaani jenereta. Kila hoteli itakuambia ipo. Uliza inawashwa saa ngapi na inazimwa saa ngapi. Zipo zinazozima saa tano usiku ili kuokoa mazuti, na mgeni anagundua akiwa kitandani. Uliza inabeba nini: taa na soketi peke yake, au pia mtambo wa kupasha maji? Juni na Julai, usiku wa hapa ni baridi kweli, tuko juu sana. Anayekuambia Kongo ni joto tupu hajaoga maji ya tangi alfajiri ya Julai. Uliza tangi liko juu ya paa au chini. La juu linashusha maji hata pampu ikifa. La chini linasubiri umeme. Uliza chumba kiko upande gani. Cha mbele kinapata malori usiku kucha, cha nyuma kinapata moshi wa grupu. Mimi ningekupa cha pembeni, ghorofa ya kwanza. Na kuhusu malipo: tunataja dola, lakini leta noti safi. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha inakataliwa, na siwezi kukusaidia, kwa sababu hata sokoni wataikataa.

DEREVA: Na chakula, mama?

MAMA MPOKEZI: Chakula ndipo utakapoijua nyumba. Jiko linalojiamini litakuandalia bukari na sombe na samaki wa Lufira ukitaja mapema, na utakula vizuri. Jiko lisilojiamini litakupa orodha ndefu ya vyakula vya Ulaya, halafu litakwambia leo kuna kuku peke yake.

MHASIBU: Mnaona? Mama mwenyewe ameorodhesha mambo matano yanayoweza kuharibika. Na jambo linaloniuma ni kwamba hapa ndipo umeme wa Katanga ulipozaliwa.

MWALIMU: Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira. Kilianza 1930, kilijengwa ili viwanda vya hapa viende. Bwawa lake ndilo lililozaa ziwa la Tshangalele ambako samaki hao wa Mama wanatoka. Kilichakaa mpaka karibu kufa. Kikakarabatiwa, na 2021 mitambo yake ikafikia megawati 78. Fedha za ukarabati zilitoka kwa wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kule upande wa Kolwezi, kwa makubaliano na SNEL, shirika la umeme la taifa, na wao ndio waliohakikishiwa umeme.

MHASIBU: Kwa hiyo mgodi una taa, na hoteli inanunua mazuti.

MWALIMU: Na gharama ya mazuti inawekwa kwenye bei ya chumba, halafu wewe unasema Likasi ni ghali.

Hapa inaonekana mzunguko wote. Shaba ya Katanga ilijenga bwawa, bwawa sasa linaendesha mgodi mwingine, hoteli ya mjini inachoma mafuta yaliyosafirishwa kwa lori kutoka mbali, bei inapanda, mgeni anakimbilia Lubumbashi, hoteli inakosa fedha za kununua mtambo mzuri zaidi, mwaka unaofuata mgeni ana sababu zaidi ya kukimbia. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipokuwa na nguvu, katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na vyumba vya mji huu vilikuwa na watu kwa sababu kampuni ilikuwa hapa. Ikaanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wapo waliogeuza nyumba zao kuwa vyumba vya kupangisha, wake zao wakafungua meza za chakula, watoto wao wakasimama mapokezini. Shaba imerudi kwa nguvu katika miaka hii, lakini kampuni mpya hulaza watu wao ndani ya uzio wa mgodi au Lubumbashi. Kwa hiyo kitanda kimoja cha hoteli katikati ya Likasi kina uzito ambao kitanda cha Nairobi hakina. Kikilaliwa, kuna mfuaji shuka wa Kikula anayelipwa, kuna mwuza mboga anayeleta sombe mlango wa jikoni saa mbili asubuhi, kuna kijana wa chuo kikuu anayejifunza kompyuta ya mapokezi. Kisipolaliwa, hao wote wanabaki na ahadi za madini ambazo hazijawahi kuwafikia.

MHASIBU: Unataka nichague hoteli kwa kuhurumia mji?

Hapana, Papa Mhasibu. Nataka uchague kwa hesabu kamili. Weka barabara kwenye hesabu, weka uchovu, weka ajali ambayo bado haijatokea. Weka pia kazi yenyewe: fundi anayelala mjini ataonana jioni na fundi mstaafu wa Shituru, na katika saa moja ya mazungumzo ataambiwa kwa nini valvu fulani huganda kila msimu wa baridi, habari ambayo haimo kwenye ripoti yoyote ya Lubumbashi. Mgeni anayelala mahali anapofanya kazi huanza kuona mambo. Anayekuja na kuondoka anaona ratiba yake.

DADA: Na ningependa wageni hao wajue kwamba mji una zaidi ya kiwanda. Oktoba ile mijakaranda ikichanua, ukatembea kwa miguu kutoka hoteli hadi sokoni, hakuna gari la kampuni litakalokuonyesha hilo. Mimi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee nzuri niliyobeba.

MHASIBU: Haya. Mwezi ujao nina watu sita. Wawili kazi yao ni ya kompyuta usiku; hao watabaki Lubumbashi mpaka nione hilo grupu kwa macho yangu. Wanne nitawaleta hapa, usiku nne. Siku ya kwanza ikiharibika, nawaondoa.

MAMA MPOKEZI: Njoo Jumapili, usije Jumatano. Jumapili wageni ni wachache na wengi wa wafanyakazi wako kanisani. Nyumba ikikuridhisha siku hiyo, siku nyingine hutalalamika. Fungua bomba mwenyewe, omba chai saa kumi na mbili asubuhi. Na geti nitazungumza nalo: wageni wako wakialika mtu wa mji, apite kwa jina lake.

MHASIBU: Niandikie basi. Vyumba vinne, vya pembeni.

DEREVA: Na mimi, papa?

MHASIBU: Wewe una gari.

DEREVA: Gari nina. Safari zote za Kolwezi nimelala ndani yake, kiti kimerudishwa nyuma, dirisha limefunguliwa kidogo. Julai, usiku, na mama amesema baridi ya hapa ikoje. Halafu asubuhi hao wanne wananiambia niendeshe taratibu.

MWALIMU: Umesema utaweka uchovu kwenye hesabu.

MHASIBU: Mama, kuna cha bei ndogo?

MAMA MPOKEZI: Kuna cha ghorofa ya chini, nyuma, karibu na jiko. Kina joto, na maji yake hayakatiki kwa sababu bomba ni moja na la jikoni. Bei yake ni nusu.

MHASIBU: Basi andika vyumba vitano. Na jina la dereva liandikwe kwenye faktura kama la wengine.